Droo Imetoka, Tucheze na Nani? Mwongozo wa Kuchagua Mechi za Kujipima Nguvu

Droo ya makundi ya mashindano ikishatoka tu, maswali ni yaleyale. Tutafute timu kubwa au ndogo? Mechi ngapi zinatosha? Tukifungwa si tutaua morali? Anayeuliza mara nyingi ni meneja wa timu aliyekabidhiwa kazi hii kwa mara ya kwanza, au kocha msaidizi aliyeambiwa na bosi wake "niletee majina matatu kesho asubuhi." Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo yote nimeyaweka hapa. Mifano nimeichota AFCON na Kombe la Dunia. Ukiwa na timu ya vijana au ya wanawake, hatua ni hizihizi. Kinachopungua ni fungu.

Kabla hatujaanza, shika jambo moja. Mechi ya kujipima nguvu ni swali. Unamlipia mtu nauli aje akuulize leo kile ambacho mpinzani wako wa kundi atakuuliza baadaye kwa ukali zaidi. Ukimwita bila kulijua swali lenyewe, umelipia burudani.

Vitu vya kuwa navyo mezani

- Ratiba ya kundi lenu: tarehe, saa ya kuanza, mji, uwanja.
- Video za mechi tatu hadi tano za karibuni za kila mpinzani wa kundi. Mechi nzima, si vipande vya mabao.
- Orodha ya wachezaji wako, na mbele ya kila jina tarehe ambayo klabu yake italazimika kumwachia.
- Kalenda ya FIFA ya mechi za kimataifa.
- Bajeti iliyoandikwa na kusainiwa na mwenye fedha. Ahadi ya mdomo haikati tiketi.
- Jina la mtu mmoja ndani ya shirikisho mwenye mamlaka ya kusaini mkataba wa mechi. Mmoja, si kamati.
- Nakala za pasipoti za kikosi kizima, na tarehe zinapoisha. Usicheke. Safari hukwama hapo kuliko unavyodhani.

Hatua ya 1: Simama kwenye mechi ya kwanza ya kundi, hesabu kurudi nyuma

Wengi huanzia leo kwenda mbele: "tuna wiki tano, tutapata mechi nne." Kosa. Anzia siku ya mechi ya kwanza ya kundi. Rudi nyuma siku tano hadi saba: hapo ndipo mechi ya mwisho ya kujipima. Ikikaribia zaidi ya hapo, mchezaji aliyeteguka kifundo hana muda wa kupona. Ikiwa mbali sana, miguu inasahau kasi ya mechi.

Kisha linganisha na tarehe za klabu. Kwa AFCON 2025 ya Morocco iliyofunguliwa Desemba 21, FIFA iliruhusu klabu kubaki na wachezaji wao hadi Desemba 15. Kwa hiyo meneja aliyekuwa amepanga mechi ya kikosi kamili Desemba 10 alikuwa amepanga mechi ya wachezaji wa ligi ya nyumbani. Hilo si baya, ila ulijue mapema, maana linabadilisha mpinzani wa kumtafuta.

Mechi ngapi? Kambi ya wiki tatu inabeba mbili, kwa shida tatu. Kambi ya siku kumi inabeba moja. Atakayekuambia nne hajawahi kuwaona wachezaji waliotoka kwenye ligi wakiwa wamechoka.

Hatua ya 2: Andika swali moja kwa kila mpinzani wa kundi

Chukua karatasi, igawe mara tatu. Tuseme wewe ni Tanzania kuelekea AFCON iliyochezwa Ivory Coast Januari 2024, kundi moja na Morocco, Zambia na DR Congo. Mimi ningeandika hivi:

Morocco, iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022: tunaweza kukaa bila mpira dakika tano mfululizo bila mabeki wa pembeni kuvutwa nje ya nafasi zao?

Zambia: mabeki wa kati watafanya nini mpira mrefu ukipigwa nyuma yao na mshambuliaji mwenye mbio akianza kuukimbilia?

DR Congo: nani anamkaba nani kwenye kona?

Basi. Swali likizidi mistari miwili, bado hujalijua. Na uliandike pamoja na kocha mkuu, si peke yako; mpinzani utakayemtafuta atatoka kwenye karatasi hii.

Hatua ya 3: Mtafute anayecheza kama mpinzani wako

Hii ndiyo hatua yenye kazi, na ndiyo inayorukwa. Watu hufungua orodha ya viwango, wakachagua timu ya ukanda uleule. "Tuna Waarabu kundini, tucheze na Waarabu." Ni mwanzo mzuri, lakini ukiishia hapo umepotea.

Tazama Kundi C la Kombe la Dunia 2022. Saudi Arabia ya kocha Hervé Renard ilipangwa na Argentina, Poland na Mexico. Septemba ilikwenda Hispania, ikatoka 0-0 na Ecuador na 0-0 na Marekani. Novemba ikacheza, miongoni mwa nyingine, na Iceland, Panama na Croatia. Soma orodha hiyo polepole: mmoja wa Amerika Kusini, wawili wa ukanda wa Mexico, wawili wa Ulaya. Kila mpinzani wa kundi alikuwa na kivuli chake, yaani timu ya kujipima inayofanana naye.

Argentina nayo ilikutana na Falme za Kiarabu Novemba 16, ikashinda 5-0. Kwenye karatasi ni chaguo la busara: jirani wa Saudi Arabia, hali ya hewa ya Ghuba, siku sita kabla ya mechi ya kwanza. Lakini swali lilikuwa jingine kabisa. Saudi Arabia ilipanga mabeki wake juu, karibu na katikati ya uwanja, ikategea mtego wa kuotea. Kipindi cha kwanza mabao matatu ya Argentina yalikataliwa kwa kuotea, na mechi ikaisha 2-1 kwa Saudi Arabia. Ushindi wa mabao matano haukuwa umewauliza chochote kuhusu hilo. Ni kweli baadaye Argentina ilitwaa kombe, ila ilibidi ipite kwenye tundu la sindano ambalo haikuhitaji kulipitia.

Kwa hiyo vigezo vyako viwe kwa mpangilio huu: kwanza namna ya kucheza, pili miili na kasi, tatu ukanda, mwisho kabisa jina na kiwango. Usipopata mmoja mwenye vyote, chukua mwenye cha kwanza.

Sisi wa Dar tumewahi kuwa kivuli cha wengine, na si vibaya kujifunza kutoka upande huo. Januari 2010 Ivory Coast ilipita hapa ikielekea AFCON ya Angola, ikatufunga 1-0 kwa bao la Didier Drogba. Juni 7 mwaka huohuo Brazil ya Kaká na Robinho ikaja Uwanja wa Taifa ikitoka Harare, ilikoifunga Zimbabwe 3-0, nasi tukala 5-1. Bao letu alilifunga Jabir Aziz. Brazil ilikuwa na Ivory Coast kwenye kundi lake la Kombe la Dunia, kwa hiyo kuonja soka la Afrika kulikuwa na maana fulani. Lakini Zimbabwe na Tanzania kuwa kivuli cha kina Drogba na ndugu wawili Touré? Nitaiita mechi ya biashara, na sisi tuliofurahi siku ile tuliifurahia hivyo. Mtu akikuletea ofa kubwa ya kucheza na jina kubwa, jiulize wewe ni nani kwenye mkataba huo: mwenye swali, au swali lenyewe.

Onyo: usicheze na timu ya kundi lako, hata kama mlikubaliana kabla ya droo. Vunja mapema kwa heshima. Angalia pia kundi ambalo mshindi wake au mshindi wa pili anaweza kukutana nawe hatua ya 16.

Hatua ya 4: Jua, mwinuko na nyasi

Januari 7, 2024 Taifa Stars ilicheza na Misri mjini Cairo, ikafungwa 2-0. Siku kumi baadaye ilikuwa San Pedro, Ivory Coast, dhidi ya Morocco, ikafungwa 3-0. Misri kama kivuli cha Morocco naikubali. Lakini Cairo ya Januari ni sweta, San Pedro ni mji wa bahari, joto na jasho. Dar es Salaam ya Januari inafanana na San Pedro kuliko Cairo inavyofanana nayo. Ningekuwa na kauli, angalau siku za mwisho za kambi zingekuwa nyumbani, na mpinzani angelipiwa aje.

Kagua vitu vitatu: saa ya mechi (cheza saa ileile ya mechi ya kundi, hata kama mashabiki watalalamika), mwinuko kutoka usawa wa bahari, na aina ya nyasi. Ukifanyia mazoezi nyasi bandia kisha mashindano yakawa kwenye nyasi za asili, mpira utawadundia tofauti na misuli itawauma mahali tofauti.

Hatua ya 5: Panga mfuatano wa ugumu

Ukiwa na mechi mbili, mgumu atangulie, anayekaribiana nawe afuate. Ukiwa na tatu, anza na wa wastani ili miguu ifunguke, mgumu katikati, na wa mwisho awe anayecheza kama mpinzani wako wa kwanza wa kundi. Kamwe usimweke dhaifu kabisa mwishoni kwa ajili ya "kujenga ari". Ivory Coast, wenyeji wa AFCON ya 2023 iliyochezwa Januari 2024, waliifunga Sierra Leone 5-1 siku chache kabla ya mashindano. Siku kumi na sita baadaye, Abidjan, wakafungwa 4-0 na Equatorial Guinea. Walisimama tena hadi wakawa mabingwa, lakini baada ya kubadilisha kocha katikati ya safari.

Na usilewe sare nzuri. Juni 2019 Burundi ilitoka 1-1 na Algeria mjini Doha. Algeria hiyo ndiyo iliyotwaa ubingwa wa Afrika mwezi uliofuata. Burundi yenyewe ilipoteza mechi zake zote tatu za kundi bila kufunga bao hata moja. Madagascar ilikwenda kinyumenyume: ilifungwa 1-0 na Kenya kwenye mechi ya kujipima jijini Paris, kisha ikafika robo fainali, wakati Kenya iliishia kwenye kundi.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya viwango, kisha funga daftari

Kuna kiongozi atakayekuambia "tukifungwa tutashuka." Mwonyeshe namba. Tangu Agosti 2018 FIFA huongeza au kupunguza pointi kwa kuzidisha uzito wa mechi na tofauti kati ya matokeo halisi na yaliyotarajiwa. Mechi ya kirafiki nje ya dirisha la kalenda (siku ambazo FIFA imezitengea mechi za timu za taifa) ina uzito 5, ndani ya dirisha 10. Mechi ya kundi kwenye fainali za bara ni 35.

Mpinzani akikuzidi pointi 150, kufungwa naye nje ya dirisha kunakugharimu takriban pointi 1.8, ndani ya dirisha 3.6. Kufungwa na huyohuyo kwenye kundi la AFCON ni 12.6. Sasa mwulize kiongozi wako anataka kufungwa lini.

Hesabu ya zamani ndiyo iliyokuwa na ujanja wa kukwepa mechi. Poland ilizipunguza kabla ya droo ya Kombe la Dunia 2018, ikaingia chungu cha kwanza, cha timu zenye viwango vya juu, halafu ikamaliza mkiani mwa kundi lake nyuma ya Colombia, Japan na Senegal.

Hatua ya 7: Andika mkataba wa mechi

Mwaka wa kwanza niliposaidia kuandaa mechi ya timu ya vijana, tulikubaliana kila kitu kwa simu. Wageni walishuka uwanja wa ndege watu arobaini na mmoja. Sisi tulikodi vyumba vya thelathini. Sitaitaja timu. Tangu siku hiyo hakuna mechi bila karatasi yenye haya:

- Idadi ya watu wa msafara, na nani analipa nauli, hoteli, chakula, basi na viza.
- Ni kikosi gani kinakuja. Andika idadi ya chini ya wachezaji wa kikosi cha kwanza, na adhabu wakileta wengine.
- Idadi ya mabadiliko ya wachezaji. Mechi inayohesabika kuwa rasmi ina kikomo. Ukizidisha, haiingii kwenye viwango. Kikomo hicho kilikuja 2004, baada ya visa kama cha Uingereza ya Sven-Göran Eriksson, iliyobadilisha wachezaji wote 11 mapumziko dhidi ya Australia Februari 2003 na kufungwa 3-1. Thibitisha kikomo cha sasa kabla ya kusaini.
- Nani anateua waamuzi. Jibu sahihi ni shirikisho la nchi mnayochezea. Wakala akisema "nitaleta waamuzi wangu," ondoka mezani. Mechi kadhaa za Afrika Kusini kabla ya Kombe la Dunia 2010 zilikuja kuchunguzwa kwa upangaji wa matokeo kwa njia hiyohiyo.
- Haki za televisheni, na nani anaruhusiwa kurekodi.
- Bima ya wachezaji. Mfuko wa FIFA wa kulinda klabu unahusu mechi za kalenda yake na majeraha ya zaidi ya siku 28. Nje ya hapo mzigo ni wako.
- Nini kinatokea mmoja akijitoa, na siku ngapi kabla.

Hatua ya 8: Hakikisha anayekuja ndiye

Septemba 2010 Bahrain ilicheza na "Togo" mjini Riffa, ikashinda 3-0. Kocha wa Bahrain alishangaa wageni walivyokosa pumzi. Ilikuja kujulikana kwamba shirikisho la Togo halikuwa na habari ya mechi hiyo. Ile ilikuwa timu ya bandia. Kwa hiyo usimalize mambo na wakala peke yake. Mwandikie katibu mkuu wa shirikisho la mpinzani kwa anwani rasmi, subiri barua yake, dai orodha ya majina na namba za pasipoti, na hakikisha wakala ana leseni ya FIFA ya mechi.

Hatua ya 9: Siku ya mechi, lichezee swali lako

Kikosi kinachotarajiwa kuanza mashindano kipewe dakika 60 hadi 70 pamoja. Ukiwabadilisha sita mapumziko, umepoteza jibu. Ficha mipira ya kutengwa mliyoiandaa. Piga kona za kawaida, maana mchambuzi wa mpinzani naye ana intaneti. Mechi ikiisha, kocha ajibu lile swali kwa sentensi moja usiku huohuo. Alama ya matokeo iandikwe chini yake, kwa herufi ndogo.

Mambo yakiharibika

*Mpinzani amejitoa zikiwa zimebaki siku tano.* Hutokea. Julai 2025 mashindano madogo ya maandalizi ya CHAN (mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani) yalipangwa Karatu, Kenya ikajitoa, wengine wakaendelea. Kenya yenyewe ilikuja kuongoza kundi lake kwenye CHAN, Morocco ikiwa humo humo. Kuwa na jina la pili tangu mwanzo. La sivyo cheza na klabu kubwa iliyo karibu, milango imefungwa, na mwombe kocha wao acheze mfumo unaoutaka. Klabu itakubali ombi hilo. Timu ya taifa haitakubali.

*Mchezaji muhimu ameumia.* Djibril Cissé alivunjika mguu dhidi ya China Juni 2006, Drogba akavunjika mkono dhidi ya Japan Juni 2010, Marco Reus akaumia kifundo dhidi ya Armenia Juni 2014. Hakuna kinga kamili. Unachoweza ni kumtoa mwenye maumivu ya zamani dakika ya 45 hata akikasirika, na kuwa na mbadala wake aliyecheza angalau mechi moja kati ya hizo. Kanuni za mashindano hutoa tarehe ya mwisho ya kubadilisha mchezaji majeruhi, ibandike ukutani.

*Tumefungwa vibaya, magazeti yanawaka.* Rudi kwenye karatasi ya hatua ya 2. Kama mabao yaliingia mahali ulipouliza swali, mechi imefanya kazi yake na una siku sita za kurekebisha. Kama yaliingia kwingine, umegundua swali la nne, libebe mazoezini. DR Congo ilifungwa na Burkina Faso kwenye maandalizi ya Januari 2024, kisha ikafika nusu fainali.

*Tunaongoza kisha tunachoka.* Hili ni letu. Juni 27, 2019 Stars iliongoza mara mbili dhidi ya Kenya, kwa Msuva na kwa Samatta, ikapoteza 3-2 kwa mabao ya dakika ya 62 na 80. Mechi ya kujipima haitibu pumzi, lakini huonyesha ni nani inamwishia. Usimtoe kila mtu dakika ya 60. Waache watatu au wanne unaowashuku wamalize 90.

*Fedha imekwisha, imebaki ya mechi moja.* Mtafute kivuli cha mpinzani wa pili kwa nguvu kundini, si wa kwanza. Kwenye AFCON ya timu 24, washindi wa tatu wanne hupita, na kwenye ile ya Morocco 2025 Tanzania ilivuka kwa pointi 2 tu, za sare na Uganda na Tunisia. Mechi ya kupata sare ndiyo ya kuifanyia mazoezi kwanza.